Anayefagia Karakana Anaitwa Nani?

Ndugu wanachama,

Leo siandiki juu ya mishahara. Habari za mishahara katibu atazieleza mahali pake. Leo nina neno ambalo wengine wenu hawatalipenda, na namwomba asiyelipenda alisome mpaka mwisho kabla ya kuifungia karanga karatasi hii.

Waliohudhuria mkutano wa tawi uliopita wanakumbuka shauri la kwanza lilikuwa juu ya nani. Lilikuwa juu ya nyapara wa idara ya kuchomelea, ambaye huita watu kwa mluzi, na mluzi usiposikika husema, "Wewe! Kuja hapa!" Mafundi walikuwa wamekasirika sana. Mmoja alisimama akasema yeye ana miaka kumi na tisa katika kazi hii, ana wajukuu, na hawezi kuitwa kama mbwa. Tulimpigia makofi. Mimi nami nilipiga mpaka viganja vikaniuma. Tukapitisha kwamba barua iandikwe kwa meneja, na barua ikaandikwa.

Baada ya shauri hilo mama mmoja katika wale wanaofagia akanyosha mkono. Mama huyu amelipa ada ya chama miaka kumi na moja bila kukosa mwezi. Aliponyosha mkono mara ya kwanza mwenyekiti hakumwona. Mara ya pili mtu aliyekaa nyuma akasema, "Mama Fagio anataka kuhutubia," na watu wakacheka. Mwenyekiti naye, huku akicheka, akamwambia, "Ngoja kidogo mama, tumalize mambo ya maana, halafu utatuletea chai." Kicheko kikazidi. Yule mama akaketi, na hakusema neno mpaka mkutano ukafungwa.

Katika juma lile lile wafagiaji saba walimpelekea mwajiri barua za kujitoa katika chama. SABA! Jinsi mwajiri alivyozipokea barua hizo mnaweza kufikiri wenyewe. Kwa Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007, mtu akiandika kwamba amejitoa, makato yake ya chama hukoma. Na sheria hiyo hiyo yasema kwamba mwajiri hulazimika kukitambua chama kama kina zaidi ya nusu ya wafanya kazi wanaostahili kuwa wanachama. Sisi hapa tulikuwa tumeipita nusu kwa watu kumi na wanne. Sasa tumeipita kwa saba. Kicheko kingine kama kile, ndugu zangu, na hatuna mkataba wa pamoja, hatuna mjumbe wa kusimama mbele ya meneja, na yule nyapara atapiga mluzi mpaka ustaafu wake.

Kamati ilinituma mimi niende nikawasihi warudi. Nikamkuta yule mama kwenye bomba la maji nyuma ya stoo, anakamua tambara. Nikaanza hotuba yangu ya umoja, ile niliyoizoea. Aliniacha niseme mpaka nikachoka. Kisha akauliza, "Mjumbe, mimi naitwa nani?"

Sikujua. Nimekuwa mjumbe wa idara ile miaka sita. Nikasema daftari langu nimeliacha ofisini. Nilipokwenda kulitazama nikaona kwa mwandiko wangu mwenyewe: "Fagio, idara B, amelipa." Majina ya mafundi wote nimeyaandika kamili, na wengine hata jina la baba.

Sasa tuzungumze.

Babu zetu waliposhika kazi katika nchi hii, kitu cha kwanza walichonyang'anywa baada ya ardhi ni jina. Sheria ya kipande ilipitishwa mwaka 1915, ikaanza kutumika baada ya Vita ya Kwanza. Mwanamume Mwafrika alivaa shingoni kikasha cha bati, kama kengele ya mbuzi, na ndani yake karatasi yenye alama za vidole vyake, kazi yake, mshahara wake, na sahihi ya tajiri wake. Bila ya sahihi hiyo hakuweza kuacha kazi akaenda kutafuta nyingine. Harry Thuku na wenzake walikipinga, na mwezi Machi mwaka 1922 watu wakapigwa risasi mjini Nairobi walipokuwa wakidai afunguliwe. Kipande kilikuja kuondolewa mwaka 1947. Lakini hata kilipoondolewa, mtu mzima mwenye mvi aliendelea kuitwa "boi". Mpishi boi, shamba boi, ofisi boi. Mtu mwenye watoto kumi, boi.

Tom Mboya, kabla hajawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanya kazi mwaka 1953, alikuwa mkaguzi wa afya katika Baraza la Mji wa Nairobi. Katika kitabu chake cha mwaka 1963 alieleza kwamba siku moja alikuwa peke yake kazini akipima maziwa, akaingia mwanamke wa Kizungu na chupa yake. Mboya akamwamkia. Yule mama akatazama huku na huku, akauliza kama kuna mtu yeyote humo ndani. Mboya akamuuliza kama macho yake yana kasoro. Sisi wanachama twaipenda sana hadithi hii, na mimi mwenyewe nimeisimulia katika semina mara nyingi nikimcheka yule Mzungu. Katika mkutano wetu uliopita mama mmoja alinyosha mkono, na mwenyekiti hakumwona. Haya, nani sasa mwenye kasoro ya macho?

Na wale wanaodhani heshima ni jambo dogo, la kujadiliwa baada ya mishahara kama muda ukibaki, nawaomba wakumbuke Mombasa. Tarehe 13 Januari 1947 mji wa Mombasa ulisimama. Makuli wa bandarini, watu wa reli, watumishi wa hoteli na wa majumbani, wote waliacha kazi, maelfu kwa maelfu, wakawa wakikutana katika uwanja ambao wao wenyewe waliuita Kiwanja cha Maskini. Muda wa siku kumi na mbili mabibi wakubwa walijipikia. Katika malalamiko yaliyotolewa na chama chao, African Workers' Federation, ambacho Chege Kibachia alikiongoza, palikuwa na habari ya mishahara isiyolingana na kazi na habari ya ughali wa maisha. Na kati ya hayo, bila ya kuona haya, waliandika dharau wanayotendewa wafanya kazi Waafrika kila mahali. Hawakusema dharau tutaizungumza mwaka kesho. Tena tazameni ni nani waliokuwa katika kiwanja kile. Kuli wa bandarini, ambaye mgongo wake ndio uliobeba mji ule, aliketi chini pamoja na boi wa nyumbani. Kama kuli angemcheka boi siku ile ya kwanza, mgomo ungeisha saa sita mchana.

Si hapa kwetu tu. Mwaka 1968 katika mji wa Memphis, Marekani, wazoa taka Weusi wapatao 1,300 waligoma. Tarehe 1 Februari ya mwaka ule wenzao wawili walikuwa wamesagwa na mashine ya lori la taka walimojikinga na mvua. Walitaka nyongeza, walitaka chama chao kitambuliwe. Lakini bango lililojulikana ulimwengu mzima halikutaja pesa. Liliandikwa: MIMI NI MWANAMUME. Yaani mimi si boi, maana neno ni lile lile lililotumiwa huku. Martin Luther King aliuawa katika mji ule tarehe 4 Aprili alipokwenda kuwaunga mkono, na tarehe 16 ya mwezi huo mji ukakubali kukitambua chama chao.

Najua mtakalosema. Fundi mmoja, rafiki yangu, amekwisha kuniambia. Alisema hivi: "Heshima haigawanywi kama uji. Mimi nimesomea kazi yangu miaka mitatu, nikafanya mitihani, nikachomwa na moto. Yule anashika ufagio. Heshima hupewa aliyeifanyia kazi."

Neno lake lina ukweli ndani yake na sitaki kulitupa. Iko heshima ambayo mtu huichuma. Fundi akiunganisha bomba na bomba lisivuje miaka ishirini, heshima ile ni yake na hakuna wa kumnyang'anya. Lakini je, huyo anayefagia hakuichuma? Mwezi wa Machi yule mama aliugua siku tatu. Siku ya pili mafuta yalikuwa yametanda kwenye njia ya winchi, na vipande vya chuma vimelala sakafuni kama miiba. Siku ya tatu kijana mmoja wa gia aliteleza akavunjika mkono. Mwajiri aliandika katika ripoti kwamba kijana hakuwa mwangalifu. Hakuna aliyeandika kwamba kwa miaka kumi na moja hakuna aliyeteleza.

Na iko heshima nyingine ambayo haichumwi hata kidogo. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 28, yasema kila mtu ana utu wa kuzaliwa nao, na ana haki utu huo uheshimiwe na ulindwe. Haikusema kila fundi. Hii ndiyo heshima tunayomdai nyapara. Hatumwambii, "Usitupigie mluzi kwa sababu tumefaulu mitihani." Twamwambia, "Usitupigie mluzi kwa sababu sisi ni watu." Basi ukiisha kusema hivyo mbele ya nyapara, huwezi kugeuka nyuma ukamwambia mfagiaji aonyeshe cheti.

Kuna jambo jingine linalotuchanganya, nalo ni kuita woga heshima. Meneja akipita twasimama, twavua kofia, twasema "Ndiyo bosi" kabla hajauliza. Yule wa zamani alipostaafu ilifanywa karamu, na walioenda ni wale waliolazimishwa. Nyama ilibaki. Lakini nani hakumbuki mzee wetu wa lango la pili? Hakuwa na cheo. Alikuwa na rungu, tochi, na koti lililochanika kwapani. Kila asubuhi alikuamkia kwa jina lako, akakuuliza habari ya mtoto aliyekuwa mgonjwa juma lililopita, na kama ulichelewa kwa dakika mbili alikutazama usoni kwanza kabla ya kuandika. Hakumpitisha mtu na mali ya karakana, hata rafiki yake. Alimkamata mpwa wake mwenyewe na kopo la rangi. Alipofiwa na mke, zamu nzima ilichanga, na mabasi mawili yalijaa kwenda mazishini, na fundi mkuu akashika koleo. Hakuna aliyeambiwa aende. Rafiki yangu fundi, nawe ulikuwa katika basi la kwanza, tuliketi pamoja. Mzee yule alisomea wapi?

Tena dharau ina gharama ambayo huja baadaye, wakati mtu amekwisha kusahau alichocheka. Mwaka juzi tulisikia kwamba wafagiaji wa idara A wataondolewa katika orodha ya kampuni na kupewa kontrakta. Ufagio ule ule, sakafu ile ile, ovaroli imebadilika rangi, na mshahara umepungua. Kiinua mgongo hakuna, na chama hakuna. Nani katika sisi alisema neno? Tulisema, "Ni wafagiaji tu." Mwajiri alikuwa anasikiliza, ndugu. Alikuwa anapima maji kwa fimbo, aone kina. Alipoona hatukulia, mwaka jana akawachukua madereva. Mwezi huu nasikia habari za stoo. Wachomeleaji, msidhani foleni hiyo haiwafikii.

Sasa nitasema jambo la nyumbani, na hapa nitaanza na kwangu ili mtu asiseme namvua mwenzangu nguo.

Baba yangu alikuwa mpishi wa Mzungu. Alipika kila kitu katika nyumba ile, lakini hakuruhusiwa kunywea kikombe cha humo. Alikuwa na chake cha bati, kilichotundikwa kwenye msumari nje ya mlango wa jiko, na mvua ikinyesha kilijaa maji. Mshahara aliolipwa alikuwa ameusahau kabla sijakua, lakini habari ya kikombe kile alitusimulia mpaka alipokufa.

Jioni ya siku ile niliyoulizwa jina bombani, nilirudi nyumbani nikaenda jikoni kutafuta maji. Yupo msichana anayetusaidia kulea watoto, kwa kuwa mke wangu naye hufanya kazi. Chini ya sinki, mbali na vyombo vingine, nikaona kikombe cha plastiki cha samawati na sahani yake. Nikamuuliza mke wangu vile ni vya nani, na kwa nini vimekaa peke yao. Akanitazama. Akasema, "Si wewe uliyevinunua?"

Ni kweli. Nilivinunua mimi.

Basi nawauliza wenzangu, bila ya kujificha: nyumbani kwako vikombe viko vingapi? Yaya wako huamka saa ngapi, na hulala saa ngapi? Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yampa kila mfanya kazi siku moja ya kupumzika katika kila siku saba, na likizo ya mwaka isiyopungua siku 21 za kazi zenye malipo. Haikusema isipokuwa yule anayelala chumba cha watoto. Serikali inapotangaza mishahara ya chini, mstari wa kwanza kabisa ni wa kibarua wa kawaida, na katika mstari huo mmoja wamo mfagiaji, mtunza bustani, yaya, mtumishi wa nyumbani, mlinzi wa mchana na tarishi. Tunapokwenda mezani kudai kima cha chini kipande, twadai pia kwa ajili yake. Kisha twarudi nyumbani twamlipa nusu, tena tarehe kumi na tano, tena kwa kumnung'unikia kwamba anakula sana. Mwanachama aliye mwajiri wa namna hiyo ana uso gani wa kumwandikia meneja barua?

Wako watakaosema umaskini. Mshahara wetu hautoshi, tutamlipaje mwingine? Kuhusu pesa nitawasikiliza, maana najua bei ya unga. Lakini kikombe hakiongezi gharama. Kumwita mtu kwa jina lake hakuongezi gharama. Kumwachia amalize sentensi yake, kumpisha anapobeba ndoo, kutotupa kipande cha sigara mahali alipomaliza kufagia sasa hivi huku ukimtazama, hayo hakuna asiyeyaweza kwa sababu ya umaskini. Kwetu bara shikamoo haikuzoeleka kama Pwani, si neno. Lakini kila kabila nchini humu lina namna yake ya kumwamkia mtu mzima kabla ya kumtuma, na hakuna kabila hata moja ambalo namna hiyo ni mluzi.

Sisi viongozi nasi tuna letu. Siku hizi katibu wa tawi akichaguliwa leo, kesho ataka aitwe Mheshimiwa. Ataka kiti chenye mto. Akifika mkutanoni amechelewa saa nzima, watu wasimame. Nimeona mjumbe mmoja, wa tawi jingine, akimtuma mwanachama mwenye umri wa baba yake kwenda kumnunulia vocha ya simu, tena mkutano unaendelea. Cheo cha chama ni mzigo tuliotwikwa na wale wanaokatwa ada, na katika hao wanaokatwa, ada ya mfagiaji ndiyo inayouma kuliko zote, maana hutoka katika mshahara mdogo kuliko yote. Makhan Singh, aliyekiamsha chama cha wafanya kazi katika nchi hii mwaka 1935, alizuiliwa na serikali ya kikoloni tangu mwaka 1950 mpaka 1961, na sijasikia kwamba alipotoka alidai kiti chenye mto.

Karatasi hii nimemwonyesha mwenyekiti kabla haijapigwa chapa. Hakufurahi. Aliisoma mara mbili, akakaa kimya, kisha akaniambia niiache kama ilivyo, ila niongeze kwamba yeye mwenyewe atasema neno mbele ya mkutano kabla ya shauri lolote. Nimeongeza.

Wafagiaji saba bado hawajarudi, na sina ahadi yao. Yule mama nilimwendea mara ya pili, safari hii bila hotuba. Nikamwambia jina lake, maana nilikuwa nimekwenda kuliuliza kwa karani wa mishahara. Akacheka kidogo akasema nimechelewa miaka sita, lakini afadhali. Nikamuuliza kama naweza kuliandika katika ukurasa huu. Akakataa. Akasema kama ataitwa kusema mkutanoni, atalisema mwenyewe, na atasema pia lile alilotaka kusema siku ile, ambalo ni juu ya dawa ya kusafishia sakafu inayowachubua mikono wote saba, na glavu walizoahidiwa tangu mwezi wa Januari. Basi hilo ndilo lililokuwa si jambo la maana.

Mkutano ni Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, saa nne asubuhi, mahali pale pale. Shauri la kwanza ni la glavu. Orodha itasomwa kwa majina kamili, idara zote, na wajumbe wote tumekwisha kuagizwa kuleta madaftari yetu yatazamwe. Chai ya siku hiyo itapikwa na kamati. Sukari nitaleta mimi.

Ndugu yenu,
Mjumbe wa Idara B